Tukiuliza chakula kimewekwa nini, msitujibu kwa kubahatisha

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Sisi tunaoishi na kisukari tunapokula nje ya nyumbani, iwe mgahawani, safarini au kwenye sherehe, huuliza swali la kawaida kabisa: chakula hiki kimewekwa nini? Jibu tunalopewa mara nyingi ni "hakina sukari", tena hutolewa papo hapo na mtu ambaye hajakanyaga jikoni wala hajamuuliza mpishi.

Kwanza, chakula kisichotiwa sukari si chakula kisicho na wanga. Kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, na wanga huo hugeuka glukosi, yaani sukari ya damuni, hata kama mpishi hakuligusa kopo la sukari. Mimi ninatumia insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari ya damuni, na dozi ya mlo ninaikadiria kulingana na wanga ulio kwenye sahani, kwa hiyo anayenipa taarifa ya uongo kuhusu sahani hiyo anakuwa ameniharibia dozi, ingawa sindano nimejichoma mwenyewe.

Tazameni mchuzi ule unaong'aa juu ya nyama ya kuchoma, ule unaonata vidoleni na kuacha weusi kwenye kingo za nyama ulipoungua. Kinachoufanya unate hivyo mara nyingi ni sukari au asali, na mchuzi mwingine huongezewa unga ili uwe mzito. Ukimwuliza mhudumu, atakuambia kwamba hiyo ni nyama tu. Ukibanwa sana utaambiwa "ni asali, ni ya asili, haina neno", ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaiweka sukari ya asali na ya juisi ya matunda katika kundi moja na ile inayoongezwa kwenye vyakula. Bilauri moja ya juisi ya machungwa, hata iliyokamuliwa mbele ya macho yako, hubeba gramu 20 na zaidi za sukari, na nyuzinyuzi nyingi za tunda zimekwisha kutupwa pamoja na makapi.

Lililonikera kuliko yote lilinipata kwenye sherehe moja. Nilimwuliza mhudumu chakula kitatolewa saa ngapi, akanihakikishia kwamba kinapakuliwa wakati huohuo, nami nikachoma insulini ya kutenda haraka, ambayo huanza kufanya kazi baada ya takriban dakika 15. Mara zikaanza hotuba. Masufuria yalikuwa palepale, yamefunikwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa mpaka wageni wa heshima wamalize kuzungumza. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, na kipimo kikaonyesha kwamba sukari imeshuka chini ya miligramu 70 kwa desilita. Nikaomba soda ya kawaida, na kwa kuwa mhudumu alikuwa amesikia neno kisukari, akaniletea ile isiyo na sukari, akanisisitizia kwamba ndiyo inayonifaa. Sukari inaposhuka, mgonjwa anayeweza kumeza anahitaji takriban gramu 15 za sukari inayoingia damuni haraka, kisha apime tena baada ya dakika 15. Soda aliyoniletea haikuwa na hata gramu moja, na ilibidi mtu wa meza ya jirani anyanyuke kunitafutia nyingine huku mhudumu akiendelea kubishana nami kuhusu ugonjwa wangu.

Wapo pia wenyeji wanaotuambia kwamba kipande kimoja cha keki hakimuui mtu, na wapo wanaotunyang'anya sahani mbele ya watu wakisema hatuna ruhusa ya kula wali. Wote hao wananiudhi sawasawa, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeniuliza mimi mwenyewe.

Ninachodai si chakula cha pekee. Mhudumu asiyejua aseme kwamba hajui, kisha akamwulize mpishi, na mchuzi uletwe kwenye bakuli lake ili niukadirie mwenyewe. Nikiomba nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe wali na robo iwe nyama au samaki, nipakuliwe hivyo bila kuambiwa kwamba sahani imekwisha kupangwa, maana mara nyingi ninacholetewa ni mlima wa wali wenye kijani kidogo cha urembo pembeni, na bei ninalipa ileile. Chakula kikichelewa, niambiwe kimechelewa. Wanaotumia vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi nao wanaweza kushukiwa na sukari mlo ukichelewa, hivyo jambo hili si la watu wa sindano peke yao.

Wenye migahawa na wapishi wa sherehe mnaosoma haya, ninyi mnaojua kwa hesabu kamili ni kilo ngapi za mchele na sukari mnazonunua kila wiki, nijibuni: ni kipi kinachowazuia kutuandikia kwenye menyu kwamba mchuzi umetiwa sukari, na kwamba sahani moja ya wali wenu ni sawa na vikombe vingapi?