Nimelipia bima ya boti miaka 3, imezama, sasa naambiwa Kunduchi ni "ufukwe wa wazi"

Habari wakuu. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bima za magari, haya ni ya baharini na yana vituko vyake.

Nina boti ya faiba, mita 7 na nusu, mashine mbili za farasi 60. Wikiendi inapeleka watu kisiwa cha Mbudya, siku nyingine wanaikodi wavuvi wa mshipi. Inalala Kunduchi, Dar es Salaam, imetiwa nanga mbele ya ufukwe kama zinavyolala boti za wenzangu wote pale. Wakala wa bima alikuja mwenyewe kuiona mwaka wa kwanza. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini na kupiga picha. Picha hizo zimo kwenye faili lao hadi leo. Likumbukeni hilo.

Thamani tuliyoandikishana ni milioni 38. Ada asilimia 2.5, yaani 950,000, weka na VAT ya asilimia 18 inafika 1,121,000 kwa mwaka. Miaka mitatu mfululizo nimelipa, sijadai hata mia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotangazwa niliipandisha juu mapema kwa hela yangu, vijana wanane na magogo, wala sikumsumbua mtu.

Julai, kusi limekaza, usiku wa bamvua, mawimbi yakaingia kwa nyuma. Boti ikajaa, ikakaa chini. Mlinzi ndiye aliyeniamsha kwa simu saa tisa usiku. Maji yalipokupwa tuliikuta imelala ubavu, mashine zote mbili zimekunywa chumvi.

Saa moja asubuhi nikawapigia bima. Jibu: usiguse kitu mpaka mkadiriaji wa hasara aje. Jamani, mwenye kujua mashine za boti anajua kwamba ikinywa chumvi una saa chache tu. Unaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, unatoa plagi, unamwaga maji yaliyomo kwenye silinda, unatia oili, unaiwasha siku hiyohiyo. Ikishatoka majini na kukaa kwenye hewa, kutu haingoji mtu. Mkadiriaji alikuja siku ya sita. SIKU YA SITA. Fundi wangu alijaribu kuzungusha mashine kwa mkono, imeganda kama jiwe.

Halafu mkataba huohuo una kifungu kinachonitaka nichukue kila hatua ya busara kupunguza hasara. Ningesuuza, wangesema nimevuruga ushahidi. Sikusuuza, na ripoti imeandika kwamba uharibifu "umeongezeka kutokana na kutu". Nishike lipi?

Lakini hayo yote madogo. Wiki saba baadaye ikaja barua: madai yamekataliwa. Kumbe mkataba wangu umejengwa juu ya vifungu vya London vya boti za starehe, toleo la Novemba 1985, na kifungu cha 19 ni cha boti za mwendo kasi. Boti iliyoundwa kupita mwendo wa noti 17, kama kilomita 31 kwa saa, ikijaa maji, ikizama, ikikwama au ikikatika nanga huku imeachwa bila mtu mbele ya ufukwe wa wazi, yaani usio na kinga ya mawimbi, hailipwi. Nikawauliza, na mlinzi je? Wakasema alikuwa nchi kavu, hakuwa ndani ya chombo. Kwa hiyo walitaka alale ndani ya boti kwenye mawimbi yale ili azame nayo, ndipo wanilipe.

Sina ugomvi na Waingereza wa 1985. Waliandika wakiwafikiria watu wanaofunga boti ndani ya bandari zenye kuta za mawe. Ugomvi wangu ni na yule aliyesimama ndani ya maji ya Kunduchi, akaipiga picha boti ikielea mbele ya ufukwe wa wazi, kisha akaniuzia karatasi inayosema boti ikiwa hapo hailipwi. Huo ni mchango, si bima. Najua mtakuja kuniambia kwamba ilinilinda nikiwa safarini: moto, kugongana, na kadhalika. Sawa. Boti yangu inatembea saa nne au tano kwa siku. Saa zilizobaki iko palepale kwenye nanga.

Na ndiyo, nilisaini. Nilichopewa ni ukurasa mmoja wenye jina, thamani na ada. Vifungu vyenyewe, Kiingereza cha mawakili, niliviona baada ya kudai. Dalali mmoja kaninong'oneza kwamba kifungu hicho huwa wanakifuta ukiomba na kuongeza ada. Unaombaje kufutiwa kitu ambacho hujaonyeshwa?

Nilipoanza kusoma ndipo nikaelewa kilichompata jamaa yangu wa Msasani. Wezi waliiba mashine yake, hakupewa kitu, kwa sababu haikuwa na kufuli zaidi ya bolti zake za kawaida. Imeandikwa kabisa. Na mashine ikichomoka yenyewe ikadondoka baharini, nayo hailipwi. Kanunueni kufuli leo.

NYONGEZA: Aliyeuliza leseni ya TASAC (wasimamizi wa vyombo vya majini), ipo na ni hai, hawajaigusa kabisa kwenye barua yao. Mnaosema niende mahakamani, naanzia kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nakala TIRA (mamlaka ya kusimamia bima), barua naipeleka Jumatatu. Jina la kampuni sitaji, msinijazie PM.

Ninachoomba: mwenye boti Kunduchi, Msasani, Kigamboni au popote pwani hii, fungua mkataba wako, tafuta kifungu cha ufukwe wa wazi, kipige picha ukiwa umeficha jina lako, kiweke hapa. Nataka nikaonyeshe kwamba siko peke yangu niliyeuziwa hivi. Na kama kuna anayemjua fundi wa kunusuru hata mashine moja, aniambie, boti iko juu ya mchanga hadi sasa.