Re: Re: Picha ina nywele, kichwa hakina

Kutoka: Baba Nasra, Kampemba

Wakuu salaam. Nimetoka dirishani kwa watu wa viza hapa Lubumbashi sasa hivi, hasira bado hazijashuka.

Nilikwenda kuongeza viza ya ukaazi. Faili lilikuwa limekamilika: barua ya mwajiri, RCCM (usajili wa biashara) na NIF (namba ya mlipakodi) ya kampuni, risiti ya benki, picha. Afande akatazama pasipoti, akanitazama, akatazama tena pasipoti. Akasema huyu si wewe.

Pasipoti ni hii yetu ya Tanzania ya elektroniki, niliichukua 2018 ilipoanza kutolewa. Kwenye picha nina nywele za kuchana kabisa. Tangu mwezi wa Ramadhani zimeanza kudondoka kwa viraka vya mviringo, laini, haviwashi wala haviumi. Kikaja kimoja, kikafuata kingine, sasa ndevu za upande mmoja zimekwenda na nyusi zimepungua. Nikaamua kunyoa upara. Afande anataka sertifika medikali, yaani cheti cha daktari, ya kueleza kwamba mimi ni mimi, ama pasipoti mpya. Resepise yangu, ile karatasi ya muda wakati viza inashughulikiwa, inaisha mwisho wa mwezi.

Maswali: sertifika hiyo inaandikwa na daktari yeyote au lazima awe wa serikali? Na nikibadili pasipoti, faili linaanza upya? Halafu kama kuna anayejua habari za kupandikiza nywele, shemeji yangu anasema Uturuki wanamaliza kwa siku moja.

---

Kutoka: Dereva wa Tunduma

Pole kaka. Mimi mpakani waliwahi kunisimamisha kwa sababu ya ndevu, maana kwenye picha sina na siku ile nilikuwa nazo hadi kifuani. Nikaazima wembe kwa turnboi, nikanyoa palepale kwenye kioo cha gari, nikapita. Wewe tatizo lako ni la kinyume, huwezi kuzirudisha kwa wembe.

Ila kusema kweli haya yote yasingekuwepo kama mambo ya COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, yangefuatwa.

---

Kutoka: Msimamizi

Nakumbusha tu kanuni: ofisi haitajwi jina, afande hatajwi jina. Ujumbe wa tatu juu ya ofisi ileile nimeuzuia leo asubuhi, mwandishi anajijua.

---

Kutoka: Mwalimu wa Katuba

Baba Nasra, kuhusu Uturuki niulize mimi, kwa sababu wengi wanaosimulia hawajafika. Nilikwenda Istanbul kwa kupitia Addis. Siku moja ni kweli, lakini ni siku nzima umelala, asubuhi kifudifudi. Wanakunyoa, wanakuchoma ganzi kichwani (hapo utamkumbuka mama yako), wanang'oa kishina kimoja kimoja kisogoni kwa kitobozi chenye mdomo usiofika milimita 1, mchana wanakugeuza na kuvipanda mbele. Hiyo ndiyo FUE. Ipo ya zamani, FUT, wanakata ukanda wa ngozi nyuma, wanaugawa vipande vidogo na kushona, kovu lake ni mstari unaoonekana ukinyoa fupi.

Wasichowaambia: zile zilizopandwa hudondoka karibu zote ndani ya wiki chache. Nilirudi Lubumbashi na nywele, baada ya mwezi sina, darasani wanafunzi wakanyamaza kwa heshima tu. Zilianza kuota upya baada ya miezi mitatu, minne hivi, na sura kamili nikaiona baada ya mwaka.

La pili, daktari nilimwona alipochora mstari wa paji la uso. Baada ya hapo kazi yote ilifanywa na vijana wa vifaa. Nywele zetu zimejikunja hata chini ya ngozi, kitobozi kikishuka wima kinakata mzizi. Kwangu walikata mingi, kisogo kimebaki na mabaka. Sitaji kliniki. Ukienda, uliza mapema nani anatoboa, na kama amewahi kushika kichwa cha Mwafrika.

Kwa hiyo Baba Nasra, ukijiandaa vizuri, nenda.

---

Kutoka: Mama Ilham (muuguzi)

> Kwa hiyo Baba Nasra, ukijiandaa vizuri, nenda.

Mwalimu, shikamoo, lakini hapana. Usimpeleke mtu Istanbul kabla hajajua anaumwa nini.

Wewe kipara chako ni cha ukoo. Homoni inayoitwa DHT inadhoofisha mizizi ya mbele na utosini mwaka hadi mwaka, ya kisogoni haijali. Ndiyo maana nywele za kisogo zikihamishiwa mbele zinaendelea na tabia yake ya kisogo. Orentreich wa New York alilieleza hilo mwaka 1959, na upandikizaji wote wa leo umesimama hapo. Ni kuhamisha migomba kutoka nyuma ya nyumba kuileta mbele: shamba halijaongezeka, na ya nyuma ikiisha imeisha.

Baba Nasra anaeleza kitu kingine. Viraka vya mviringo, laini, hadi ndevu na nyusi, hiyo inafanana na alopesia areata. Kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele, ila mizizi haifi, imezimwa tu. Wenye kiraka kimoja viwili, wengi huota zenyewe ndani ya mwaka. Ikienea kama yake inakuwa ngumu zaidi, lakini tiba zipo: sindano za steroidi ndani ya kiraka, dawa za kupaka, na kwa hali kali kuna vidonge vya barisitinibu, Marekani waliviidhinisha Juni 2022. Vidonge hivyo ni ghali, na havianzwi bila kupima kwanza kifua kikuu na damu. Ukipandikiza wakati ugonjwa unaendelea, kinga ileile itakula na hizo mpya.

Na asiseme mtu "ni areata" kwa kusoma barua pepe, hata mimi. Apimwe kaswende pia, nayo hung'oa nywele kwa mabaka, na hilo halimvunjii mtu heshima.

---

Kutoka: Dereva wa Tunduma

Dada muuguzi, mimi zangu zilidondoka nyingi sana baada ya malaria kali, nikiosha kichwa beseni linajaa. Baadaye zikarudi bila dawa. Kwa hiyo wote tusubiri tu?

---

Kutoka: Mama Ilham (muuguzi)

Yako ilikuwa aina ya tatu, kaka. Unywele unakua miaka kadhaa, unapumzika miezi kama mitatu, unadondoka, mwingine unaota. Kwa kawaida mtu hupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku bila kujua. Homa kali, kuzaa, upasuaji, kufunga kula ili upungue haraka: mshituko huo unaziingiza nyingi kwenye mapumziko kwa pamoja, na miezi miwili mitatu baadaye zinamwagika zote. Ndiyo maana mtu hakumbuki malaria, analaumu sabuni aliyoinunua jana. Chanzo kikiondoka zinarudi zenyewe, ingawa unywele unakua kama sentimita 1 kwa mwezi, usitegemee sherehe ya mwezi ujao. Zisipotulia baada ya miezi sita, pima damu kama imepungua, akiba ya madini ya chuma, na tezi la shingo.

Anayesema "subiri" kwa kila kichwa anakosea, na anayesema "pandikiza" kwa kila kichwa anakosea zaidi.

---

Kutoka: Mama Saluni, komini Kenya

Sasa ngojea tusikie na lawama zetu. Kila mwanamke akienda hospitali anaambiwa msusi ndiye kamharibu. Mimi nasuka tangu nikiwa binti, Kariakoo na sasa hapa Lubumbashi, na wateja wangu wana nywele.

---

Kutoka: Mama Ilham (muuguzi)

Hakuna aliyekutaja, dada yangu, lakini umefungua mlango naingia. Rasta nzito na za kubana, na wigi la kushona juu yake, zinavuta mizizi ya pembeni. Ukiona vipele na maumivu siku ya kusukwa, hapo bado kunaokoleka: fumua, pumzisha. Ukiendelea miaka, ngozi inakuwa nyororo inang'aa, vitundu vya vinyweleo havionekani. Hapo kuna kovu, na kovu haliotwi na mafuta ya aina yoyote, hata yale ya vitunguu mnayouziana WhatsApp.

Kuna na ile inayoanza utosini na kutanuka, inawasha au inachoma, inatupata zaidi sisi wanawake weusi. Nayo inaacha kovu. Daktari wa ngozi hukata kipande kidogo cha ngozi ili ajue. Kupandikiza kwenye kovu kunawezekana tu kama ugonjwa umetulia muda mrefu, na hata hivyo si zote zitashika. Mwenye asili ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, afikirie zaidi ya mara mbili.

---

Kutoka: Mama Saluni, komini Kenya

Nimesikia. Ila wateja wenyewe ndio wanasema "kaza, isifumuke kabla ya harusi". Nikilegeza wanahamia jirani. Andika na hilo.

---

Kutoka: Otieno, Ruashi

Msimamizi samahani, naomba kumsahihisha Dereva. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. COMESA itakusaidia vipi, kaka? Sema EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ni mwanachama kamili tangu Julai 2022, na itifaki ya Soko la Pamoja inayozungumzia watu kutembea na kufanya kazi ipo tangu 2010. Tulipiga vigelegele hapa mjini, nakumbuka. Leo Baba Nasra anaambiwa yeye si yeye.

---

Kutoka: Dereva wa Tunduma

Otieno, wewe unapanda ndege. Mimi napita Nakonde na Kasumbalesa, katikati ni Zambia, na Zambia haimo EAC. Ndiyo maana nikasema COMESA. Ila sawa, kwetu ni SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, Tanzania, Zambia na Kongo wote wamo. Kwenye foleni ya lori zote zina harufu moja.

---

Kutoka: Baba Nasra, Kampemba

Nawashukuru wote. Dada muuguzi, nitakwenda kupima. Lakini resepise bado inaisha mwisho wa mwezi. Sertifika, daktari yeyote au wa serikali? Kuna aliyewahi kupeleka?

---

Kutoka: Mwalimu wa Katuba

Niongeze kwa wenye kipara cha ukoo kama mimi, kabla hamjauza kiwanja. Kuna dawa ya kupaka, minoksidili, ilianza kama kidonge cha presha na wagonjwa wakaota nywele. Mwanzoni inadondosha zaidi, msishituke, na ukiacha unarudi ulipokuwa. Vidonge vya finasteridi ni kwa wanaume, mjamzito asivishike vikiwa vimevunjika. Hata baada ya Istanbul bado natumia, kwa sababu zile za zamani zilizobaki katikati zinaendelea kupungua. Hilo pia hawakuniambia.

Na Mama Ilham, nimekubali, nilimjibu Baba Nasra kama mwenye kichwa changu.

---

Kutoka: Mha wa Kamalondo

Mimi nina upara tangu nimalize shule, baba alikuwa nao, babu alikuwa nao, kule Ujiji hakuna aliyewahi kuniuliza. Hapa kinyozi ananiuliza kila mara kama ni msiba. Ninachokikosa mie ni mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Hapa nauziwa uliogandishwa, umechoka, nakula na bukari (ugali wa huku), ninajifariji kwa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Kama kuna anayeshuka Kigoma kupitia Kalemie aniambie, nina mzigo wa kutuma kwa mama.

---

Kutoka: Dereva wa Tunduma

Kalemie sipiti, ila namjua mtu. Nitafute kwa simu. Na mgebuka mkavu naweza kukuletea kutoka Tunduma, bei tutapatana.

---

Kutoka: Msimamizi

Samaki wafunguliwe mada yao.

---

Kutoka: Mama Saluni, komini Kenya

Mama Ilham, la mwisho. Mjukuu wangu ana mapunye, mabaka yenye unga mweupe na nywele zimekatika. Nimepaka krimu ya fangasi wiki nzima, hayasogei. Asije akawa na hiyo ya kinga?

---

Kutoka: Mama Ilham (muuguzi)

Kukiwa na unga na nywele zilizokatikia juu ya ngozi, mara nyingi ni fangasi, na wamejificha ndani ya unywele, krimu haifiki. Anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, kwa uzito wake, na ni ya wiki kadhaa hata kama mabaka yameanza kupona. Chanuo na mashine ya kunyolea visafishwe, na watoto wengine wa nyumbani wakaguliwe. Ukiona uvimbe unaotoa usaha, usisubiri, hapo ndipo mapunye nayo huacha kovu. Mlete Jumanne asubuhi, niko zamu.