Jamaa kaila Ohio mbele ya mama mkwe wangu, halafu kasema haina chumvi!

Mbavu za Erie (mwenye uzi)

Wakuu, nawasalimu kwa hasira. Nimeingia nyumbani Cleveland saa nane usiku kutoka Columbus, mwendo wa saa mbili na ushee, viatu bado viko miguuni, na nimeapa silali mpaka uzi huu uwe hewani.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule wa koti la bluu la NASA, shirika la anga la Marekani, lile la duka la zawadi Houston, halivuliwi hata msibani. Anayesema "sisi kule NASA" wakati anachokijua kuhusu roketi ni kwamba inapanda juu. Kashika kipaza sauti harusi tatu mwaka huu na zote tatu hakualikwa. Huyo huyo.

Sasa jana harusini tumekaa meza moja: mimi, mke wangu, mama mkwe aliyeshuka kutoka Tanga wiki iliyopita, na wazee wawili wa heshima zao. Ikaingia habari ya NASA kuhama Washington. Mnaifuatilia: jengo la makao makuu ni la kupanga, mkataba unaisha 2028, na kila jimbo linavutia kwake. Maseneta wa Florida wamepeleka muswada ofisi ziende Cape Canaveral, wabunge wa Texas wamemwandikia barua Trump wanataka Houston, na sisi Ohio tunasema Cleveland. Nikachangia kwa adabu zote kwamba Cleveland inafaa. Basi. Sentensi moja!

Jamaa akavuta sahani YANGU. Yake ilikuwepo, imejaa, kaiacha. Akaanza kupanga ramani ya Marekani. Sambusa kubwa akaiweka chini: "Hii Texas." Kipande cha muhogo wa kukaanga akakining'iniza pembeni: "Hii Florida." Tone la chatini huku juu: "Hii Washington," akalifuta kwa kidole, akalamba, "mkataba umeisha." Meza inacheka. Halafu akaokota kibagia kimoja, kile kidogo kilichoungua ubavu, akakiinua juu kama anakinadi mnadani: "Na hii ndiyo Ohio."

Akakitia mdomoni.

Akatafuna taratibu, macho juu darini kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, akameza, akasema: "Haina hata chumvi."

Mama mkwe akacheka. Wakuu, mama mkwe wangu hajacheka mbele yangu tangu nilipopeleka posa 2014. Nimejaribu kila kitu. Jana kacheka mpaka mtandio ukadondoka kwenye pilau, mzee wa pembeni ndiye aliyeuokota.

Na mimi nikakaa kimya. Pale Cleveland, kwenye kituo cha NASA cha Glenn, kuna shimo wanadondoshea vifaa vya majaribio mita 132 kwenda chini, na kwa sekunde 5.18 kitu kile kinakuwa hakina uzito kabisa. Ndivyo nilivyokuwa. Sekunde tano nzima naelea, mdomo wazi, uma mkononi.

Jibu limenijia tukiwa tumeshafika Mansfield, katikati ya barabara kuu, naendesha. OHIO HAINA CHUMVI? Chini ya Ziwa Erie, hapo hapo Cleveland, kuna mgodi wa chumvi! Zaidi ya mita 500 kwenda chini, watu wanaingia na mitambo, wanachimba mpaka chini ya ziwa lenyewe, na chumvi hiyo ndiyo inayomwagwa barabarani theluji ikianguka. Tumekalia chumvi! Nikapiga usukani, nikasema kwa sauti "mgodi!" Mke wangu akadhani nimeona paa barabarani.

Sitaki hata kubishana kuhusu NASA. Armstrong wa mwezini kazaliwa Wapakoneta, Ohio. John Glenn kazaliwa Cambridge, Ohio. Kituo chetu kipo tangu 1941, NASA yenyewe haijazaliwa. Napita pale kila siku na abiria wa uwanja wa ndege wa Hopkins, nembo ile kubwa kwenye banda la ndege naiona kuliko ninavyoiona familia yangu. Lakini hayo si hoja. Hoja ni kwamba kachukua sahani yangu, kaila Ohio, kasema haina chumvi, na tulipokaribia nyumbani mama mkwe kaniuliza kwa upole, "Baba, hiyo Ohio ndiyo hii tunakokwenda kulala?"

Nataka aombe radhi. Hapa hapa.

---

Kiroboto wa Temeke

Uzi wa bagia bila picha ya bagia ni chai.

---

Shemeji wa Taifa

Mkuu pole, ila nina swali. Tangu Mansfield hadi Cleveland mkeo alikuwa anasemaje?

---

Mbavu za Erie

Alikuwa anacheka. Nani kamwambia Shemeji wa Taifa aulize?

---

Nzige Mpweke

"Mgodi!" 🤣🤣🤣 Nimemwamsha mtoto. Yaani mtu anatukanwa saa tatu usiku Columbus, jibu linamfikia saa saba akiwa porini na paa.

---

Basi la Rangi Mbili

Tuliopo Silver Spring, jirani na Washington, tunawaangalia tu mnavyogombania mali ya watu. Jengo lile la Washington limepewa jina la Mary W. Jackson, mhandisi mwanamke Mweusi wa kwanza pale NASA. Mtahama na jina au mtaliacha ukutani na misumari? Halafu mkumbuke anayeomba hela anakaa karibu na mwenye pochi. Kutoka pale hadi Bungeni ni mwendo wa miguu. Mkuu wa NASA akiitwa kuhojiwa anafunga koti anatembea. Mkimpeleka Cleveland maisha yake yote ataishi uwanja wa ndege, na kila wiki atabebwa na huyu mwenye uzi akisimuliwa habari za bagia.

---

Mbavu za Erie

Bei maalumu nitampa. Ila turudi kwenye sahani.

---

Wanjiku wa Mtaa

Wueh. Mimi nimeingia huku mbio nikidhani ni NASA yetu ya 2017, ule muungano wa upinzani Kenya. Ile haikuhitaji makao makuu, baada ya handisheki ya Raila na Uhuru Kenyatta 2018 kila mtu alibeba kiti chake akaenda. Canaan tuliyoahidiwa hatukufika, na nyinyi Cleveland hamfiki.

---

Nzige Mpweke

Kwani jina lenyewe halisemi? NASA, kunasa. Imenasa Washington.

---

Koti Si Dhambi (mwanachama tangu: leo)

Habari wanajukwaa. Mimi simjui huyo ndugu mnayemsema, ila nimesikia ni mtu mstaarabu, msomi, anayependwa na watu. Nadhani alikuwa anatania tu. Pia si kweli kwamba koti ni la duka la zawadi, nilipewa na mtu wa ndani. Na kwa faida ya wote: Armstrong alipotua mwezini aliita Houston, hakuita Cleveland. Asanteni.

---

Kiroboto wa Temeke

"Nilipewa."

---

Shemeji wa Taifa

NILIPEWA 😭😭 Karibu jukwaani kaka. Bagia imeshuka salama?

---

Koti Si Dhambi

Alipewa. Simu inajiandikia yenyewe.

---

Mbavu za Erie

Nilijua utakuja! Na wale wa Apollo 13 mwaka 1970, mambo yalipoharibika, waliita wapi? Houston! Houston ni mahali pa kuitwa ukiwa na matatizo, kama fundi bomba. Sasa rudisha heshima ya mama mkwe wangu. NANI HANA CHUMVI?

---

Binti Clear Lake

Samahani, sisi tunaokaa Houston kweli kweli msituingize kwenye sahani za watu. Mimi nakaa dakika kumi kutoka kituo cha NASA cha Johnson. 2008 kimbunga Ike kilipokuja kituo kilifungwa, waongozaji wa safari za anga wakahamishiwa kwingine, na mimi gari langu lilielea likaenda kuegesha kwa jirani. Bima wakaniambia hayo ni maji yaliyopanda kutoka chini, wao wanalipa maji yaliyoshuka kutoka juu. Makao makuu yakija, mashangingi yao nayo yataelea vizuri. Joto sisemi. Foleni sisemi. Kodi ya nyumba nitaisema kwenye uzi wangu mwenyewe.

---

Papa Dayton

Bandugu, miye niko Dayton, sisi batu ya Kongo tuko bengi hapa. Ba Wright balikuwa batu ya Dayton, balianza na duka ya makinga, ni kusema baiskeli, kisha bakatengeneza ndege. Sasa naona Cleveland anajisifu, Houston anajisifu, Florida anajisifu, Dayton hakuna mutu anaitaja. Juu ya nini? Hata kwa ile sahani hamukutuweka.

---

Nzige Mpweke

Papa, shukuru hamkuwekwa. Mngeliwa.

---

Mama Chatini

Nimetulia nimesoma mpaka hapa. Bagia hizo nimekaanga MIMI. Nimeamka saa kumi alfajiri, kunde nimeloweka usiku kucha, nimezimenya ganda moja moja kwa vidole hivi vyenye ukurutu wa baridi la Ohio, nikasaga, nikatia kitunguu, dania, pilipili mbuzi na CHUMVI. Vijiko vitatu nilihesabu. Watu mia mbili wamekula hawakusema kitu, leo mtu aliyekuja bila kualikwa anasema hazina chumvi, na huyu mwingine mwenye uzi badala ya kunitetea anazungumza habari za mgodi! Na "kile kilichoungua ubavu" ulikuwa na haja gani ya kukiandika?

---

Mbavu za Erie

Dada Mama Chatini, shikamoo kwanza. Sikusema kimeungua kwa ubaya. Nilikuwa naeleza umbo la Ohio.

---

Mama Chatini

Shikamoo yako pokea mwenyewe. Na mchango wako wa harusi kamati inasema haujaonekana.

---

Shemeji wa Taifa

Hapo sasa. Nimeweka kambi, leteni kiti.

---

Idodomya Kwa Lazima

Niwaambie kitu kuhusu kuhamisha makao makuu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973. Miaka 43 tunaambiana ofisini "maneno hayo". Mwezi Juni 2016 mimi nikatoa akiba yangu yote nikanunua kiwanja Kigamboni, upepo wa bahari, nistaafu kistaarabu. Julai hiyo hiyo Magufuli akatangaza serikali nzima inahama. Nzima! Wiki hiyo nilikuwa naangalia hati ya kiwanja kama barua ya kuachwa. Leo niko Mtumba, Dodoma, nakula vumbi, mama watoto yuko Dar, watoto wananiita "mgeni wa Jumamosi". Treni imesaidia, siwezi kusema uongo. Lakini hao wafanyakazi wa Washington wanaosema "2028 bado", mkiwaona wapeni salamu zangu, na mtu asinunue kiwanja.

---

Kiroboto wa Temeke

Mkuu Kigamboni sehemu gani? Kina hati au mkataba wa serikali ya mtaa?

---

Idodomya Kwa Lazima

Kina hati. Njoo inboksi.

---

Mgonda wa Ngomeni

Wote mnapoteza wakati. Setilaiti ya NASA iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa kwetu Ngomeni upande wa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru. Kiswahili hicho, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Hiyo Cleveland yenu ina kitu gani huko juu chenye jina la Kiswahili? Makao makuu yaje huku. Pwani ipo, ikweta i karibu, na chumvi twaivuna mashambani hapa Gongoni, mtu ajichotea kwa koleo. Huyo bwana wa koti aje nimpe gunia.

---

Wanjiku wa Mtaa

Zii, ikija huko mashamba yote ya ufuoni yatakuwa yameshagawiwa waheshimiwa kabla roketi haijawashwa.

---

Mbavu za Erie

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Sahani ilikuwa YANGU. Kaila Ohio. Mama mkwe kacheka. Kuna mtu hata mmoja yuko upande wangu?

---

Papa Dayton

Miye niko upande yako kama utaweka Dayton.

---

Binti Clear Lake

Mama Chatini, samahani dada, hizo kunde ukishazimenya unasaga na maji au kavu? Zangu zinakunywa mafuta kama lori.

---

Mama Chatini

Kavu mwanangu. Maji matone tu, kwa ajili ya mashine. Halafu piga rojo kwa mkono mpaka liwe jepesi, ukidondosha kidogo kwenye bakuli la maji lielee.

---

Koti Si Dhambi

Na chumvi inaingia lini?

---

Mama Chatini

Wewe nyamaza.

---

Nzige Mpweke

Ya magadi wengine wanatia kidogo ili ivimbe. Wewe dada hutii?