MREJESHO: Ile ishu ya jerandi, vitenzi vya Kiingereza vyenye -ing vinavyotumika kama nomino
Wakuu mambo vipi, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini mdogo wangu wa form two hapa Ujiji akiandika "I enjoy to swim" anakoseshwa ila "I want to swim" anapata, wakati kwetu yote ni kuogelea tu.

Mlionijibu asanteni sana aisee. Yaani kitenzi cha kwanza ndo kinaamua, enjoy, finish, avoid vinataka -ing, want, decide, hope vinataka to, hapo unakariri tu. Ila ile ya vihusishi ndo imenikosha kabisa, kwamba baada ya in, at, of, without inakuja -ing, "she is good at selling dagaa", "he left without paying", na hata "I look forward to seeing you" kwa sababu ile to pale ni kihusishi, sio ile ya kitenzi, hii wangetufundisha mapema jamani.

Na stop muwe nayo makini, "he stopped fishing" kaacha kuvua, "he stopped to fish" kasimama ili avue, mbingu na ardhi.

Dogo sasa anatunga zake mwenyewe, jana kaja na "Mending nets takes time", jerandi imekaa kwenye kiima kabisa, nimefurahi sana. Tunaingia remember na forget, mwenye mifano mizuri aniwekee.