Ushauri: Babu anauawa mkesha wa Krismasi, lakini watazamaji wanamjua muuaji mapema

Kalamu Butu:
Wakuu, naomba msaada. Naandika mchezo wa jukwaani wa dakika 50, wa kuchekesha ila una mauaji. Mzee wa Marangu, Uchagani, amejaza nyumba kwa wanawe waliopanda kutoka Dar na Arusha kula Krismasi. Usiku wa tarehe 24 anakunywa mbege (pombe ya ndizi) yenye sumu iliyotiwa kwenye pipa, anakufa. Muuaji ni kifungua mimba, anataka kihamba, yaani shamba la ukoo. Wanaousoma wanamtaja muuaji kabla ya katikati, na mzee akishakufa hakuna anayecheka tena. Halafu polisi niwaingize vipi?

Mwana wa Migombani:
Mkuu, kwanza pipa litoe. Sumu ikiingia humo unaua ukoo mzima, na mchezo umekwisha. Mpe mzee kata (kibuyu cha kunywea) yake mwenyewe isiyoguswa na mwingine, sumu iwe humo. Jina la sumu halina kazi, usilitaje.

Kidokezo chako kiko kwenye desturi: anayekaribisha pombe huonja kwanza mbele ya wageni. Muuaji anampelekea mzee kata bila kuonja, na papo hapo anatoa utani mkali kuhusu shemeji aliyekuja na gari la kuazima. Ukumbi ukicheka, hakuna atakayeona.

Wakili wa Kijiwe:
Sababu ya kuua ndiyo inayokuangusha. Kwa mila ya Kichaga kifungua mimba na kitinda mimba ndio wenye uhakika wa ardhi, na nyumba ya baba mara nyingi humwangukia kitinda mimba. Kifungua mimba aue ya nini? Mtafute mtoto wa kati.

Sasa mpe huyo wa kati wosia unaomwachia kihamba. Sheria ya mila iliyoandikwa (Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963) inataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma uwe na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na shahidi asiwe mrithi. Mtoto wa kati ndiye aliyejitia kimbelembele kusaini kama shahidi wa ukoo! Ameua kwa ajili ya karatasi iliyoharibiwa na sahihi yake mwenyewe. Usiufungue wosia huo kabla ya dakika ya 40.

Mshika Pazia:
Kicheko kinakufa kwa sababu baada ya kifo umewaacha watu walie tu. Unda kamati ya mazishi palepale. Mtoto wa kati ajipachike uweka hazina, ashikilie kuzika kesho yake asubuhi, na kila hoja yake iwe ya kubana matumizi. Wengine wabishane: mbuzi aliyekwisha kuchinjwa ni wa sikukuu au wa msiba? Anayechangia aandikwe kwa jina au kwa familia? Haraka yake ya kuzika inachekesha, na ndiyo inayomshtaki. Ila mjane usimguse. Abaki na uchungu wake wote, maana akigeuzwa kichekesho watazamaji watakuchukia.

Maiti isikae jukwaani. Kifua cha mwigizaji hupanda na kushuka, na watoto wa mbele huwa wa kwanza kupiga kelele. Mlaze chumba cha ndani, pazia lifungwe.

Wakili wa Kijiwe:
Polisi: kifo cha ghafla chenye mashaka kinaripotiwa, maiti inapelekwa hospitali Moshi (Mawenzi au KCMC), daktari anachukua sampuli, zinaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu hayarudi usiku uleule, na tarehe 25 na 26 ni sikukuu. Kwa hiyo askari asije na jibu mfukoni. Aje kuzuia mazishi tu, halafu familia ijichunguze yenyewe. Na PF3, ile fomu ya polisi, usiiweke, hiyo ni ya majeruhi.

Kalamu Butu:
Asanteni sana, mtoto wa kati nimemchukua. Kuonja kukae dakika ya ngapi? Naogopa mtu wa Mwanza au Lindi hataijua desturi hiyo.

Mwana wa Migombani:
Ndiyo maana uifundishe bila kuieleza. Dakika ya 4 mama aonje ndipo ampe mgeni. Dakika ya 8 kitinda mimba asahau, shangazi amkemee: "Unatupa tusichokijua?" Aonje. Dakika ya 12 muuaji apite bila kuonja, na shangazi awe amegeukia jikoni. Kifo dakika ya 18. Shangazi huyohuyo ndiye atakayeuliza, kwenye kikao cha kamati, nani alimpa mzee kata ya mwisho.