Tupeane uzoefu: Ulielezwaje kuhusu kupima saratani ya mlango wa kizazi, na wewe ulielewa nini?

Nesi wa Kliniki (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni nesi mkoani Tanga, kitengo cha mama na mtoto. Tunapima saratani ya mlango wa kizazi kwa vinega, na kama yameonekana mabadiliko, yale ambayo bado siyo saratani ila yakiachwa yanaweza kuja kuwa, mara nyingi tunayatibu siku hiyo hiyo. Kipimo hakichukui muda. Kazi iko kwenye maelezo. Mama anaitikia "ndiyo nesi, ndiyo nesi" mwanzo hadi mwisho, akifika nje kwenye benchi anamwambia mwenzake, "Wamesema nina kansa." Hakuna aliyemwambia hivyo, na yule wa kwenye benchi naye anabeba mkoba wake anaondoka bila kupimwa.

Naomba tusimuliane. Semeni mlivyoelewa siku ile ile, siyo mlivyokuja kuelewa baadaye. Wanaume karibuni pia. Watumishi wenzangu, leteni maneno mliyotumia yakaeleweka. Majina ya vituo na ya watu tusiyataje.

Naanza na ninavyofanya mimi. Kabla mama hajapanda kitandani nakunja ngumi mbele yake. Hii ngumi ndiyo nyumba ya uzazi, na hapa kwenye katundu kati ya kidole gumba na cha shahada ndio mlango wake. Nachovya kijiti cha pamba kwenye vinega, nagusisha pale pale kwenye katundu ili aone nitakapopaka, halafu namwambia tutasubiri dakika moja. Palipo salama panabaki na rangi yake ya waridi, penye mabadiliko panageuka peupe. Anaweza kusikia kuwasha kidogo. Sikati nyama, siondoi kizazi. Hilo la kizazi nalisema hata kama hajauliza, maana wengi wanalo moyoni.

Mwisho simuulizi "umeelewa?", jibu lake ni ndiyo siku zote. Nasema, "Mama, ukifika nyumbani baba watoto akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje? Nijibu mimi kama ndiye yeye." Mama mmoja akanijibu, "Nitamwambia wamekuta kizazi kimeanza kuoza." Tulikaa tena chini tukaanza upya, na aliondoka akiwa anajua alichonacho.

Mama Mkulima, Kilosa

Habari zenu wapendwa. Mimi niliambiwa kwenye kikao cha VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Alikuja mtu akatangaza, wanawake wa miaka 30 hadi 50 wote waende wakapime saratani, ni bure. Nilichoelewa mimi ni kwamba wanatafutwa wagonjwa. Sasa mimi sitoki damu, sina uchafu wenye harufu, kiuno hakiumi, nikapime nini? Nikabaki shambani kwangu. Na wengi tulibaki.

Aliyenitoa nyumbani ni katibu wetu wa kikundi. Alisema, "Wanaokutafuta wanataka usiyeumwa. Ukishaanza kuona damu baada ya kukutana na mume, hapo huenda umechelewa." Akatuonyesha bati la nyumba ya jirani, lile doa la kutu. Leo unalikwangua na kupaka rangi, likishatoboka unang'oa bati zima. Hapo nikaelewa kwa nini mtu mzima wa afya anaitwa hospitali. Yule mtangazaji alikuwa na kipaza sauti na karatasi yake, lakini sababu hakuitaja kabisa.

Nesi wa Kliniki

Mama Mkulima, asante sana. Katibu wenu kasema kweli tupu. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, tangu kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta saratani hii, kiingie na king'ang'anie hadi kuwa saratani inachukua miaka 15 hadi 20. Muda wote huo haumwi popote. Ndiyo maana tunawaita wazima.

Fundi Magari, Tabora

Naomba niseme la upande wetu. Mke wangu alirudi kliniki na karatasi na sharti. Karatasi imeandikwa kirusi kinaambukizwa kwa kujamiiana. Sharti, tusikutane wiki nne. Nikamuuliza kwa nini, akasema hakuambiwa kwa nini, ameambiwa tu. Halafu kila siku anatumia kitambaa kwa sababu anatokwa na majimaji mengi.

Ndugu zangu, jiwekeni kwenye nafasi yangu. Karatasi inasema ngono, mwili unatoa maji, na mwenzangu hana maelezo. Nikajua kaletewa ugonjwa na mtu, na yeye akajua mimi ndiye niliyemletea. Akaenda kwao. Watoto wakabaki na mimi na shangazi yao.

Aliyetuokoa ni tabibu mmoja wa huku, mteja wangu wa gari. Alituita wote wawili, tukakaa naye chini ya mwembe. Akasema walimgandisha mlango wa kizazi kwa baridi kali ili ile ngozi yenye mabadiliko ife na kutoka. Majimaji ni kidonda kinapona, yanaweza kwenda wiki kadhaa. Wiki nne ni za kulinda kidonda. Na kuhusu kirusi, akasema karibu kila mtu aliyewahi kukutana na mwenzake kimwili hukipata wakati fulani wa maisha yake, miili mingi inakiondoa yenyewe, na kwa wengine kinakaa kimya miaka. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kimetoka kwa nani wala lini.

Maneno hayo hayakufika robo saa. Kwa nini hayakusemwa siku ile ile, mume akaitwa? Bado inaniuma.

Nesi wa Kliniki

Fundi, pole sana, wewe na mama. Hili nitalipeleka kwenye kikao cha kitengo chetu kama ulivyoliandika. Sharti lisilo na sababu linavunja nyumba. Kwa wenzangu: kama mwanaume yuko nje anasubiri, aitwe, mama akiridhia.

Mjukuu wa Lushoto

Bibi yangu Kiswahili cha sokoni anacho, cha hospitali hana. Alianza kutoka damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Nikampeleka mimi, mjukuu wa kiume. Daktari akawa anauliza kwa Kiswahili, mimi nageuza Kisambaa. Swali la damu linatoka wapi nilishindwa kulitamka mbele ya bibi yangu, na yeye akawa anatazama ukuta. Daktari akaandika anachoandika.

Mara ya pili alikwenda na binti wa mama mdogo. Siku hiyo bibi alisema yote. Alipopewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, aligoma. Kijijini wanajua wanaokwenda kule wanarudi kwenye jeneza. Alipoambiwa "mionzi" akaelewa atachomwa moto. Aliyembadilisha ni jirani aliyewahi kutibiwa kule, alikuja jikoni akamfunulia khanga, akamwonyesha mwili wake mzima. "Unalala kwenye kitanda, mashine inalia, huoni moto." Bibi alikwenda.

Jamani, watoto wa kiume tusitumike kutafsiri mambo haya kwa bibi na mama zetu.

Mhudumu wa Afya ngazi ya jamii, Shinyanga

Mimi nazungukia kaya. Tatizo langu kubwa ni tarehe ya kurudi. Kadi inaandikwa baada ya miaka 3, kadi inapotea, na hata isipopotea wapo wasiosoma. Natumia watoto. "Huyu yuko la kwanza? Akiingia la nne, urudi." Anacheka, lakini hasahau.

Kwa akina mama wanaotumia dawa za VVU ni tofauti, wao nawaambia kila mwaka, na nawapa sababu: hatari yao ya kupata saratani hii ni karibu mara sita ya wengine. Nalisema tukiwa wawili tu. Ukilisema kwenye mkutano, kila anayeonekana kwenda kupima atanyoshewa kidole kuwa anao.

Mwalimu Mstaafu

Na chanjo ya HPV msiisahau. Ilipoanza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, wazazi walinijia ofisini wakisema inafunga kizazi. Wengine walizuia watoto wasije shule siku hiyo. Tuliitisha kikao cha wazazi, na kilichosaidia ni mama mmoja nesi aliyesimama na binti yake mwenyewe, akasema wa kwangu ndiye wa kwanza kwenye mstari. Tangu 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Wazazi waambiwe pia kwamba aliyechanjwa akifika umri naye anapimwa.

Mgeni Jukwaani

Nafuatilia kwa makini. Nesi, dada yangu anataka kwenda wiki ijayo ila anaogopa sana, na nadhani atakuwa hedhi. Aende tu?

Nesi wa Kliniki

Asubiri hedhi iishe kabisa ndipo aje. Siku ya kuja avae gauni au achukue khanga, asijisafishe ndani ukeni kwa sabuni wala kwa vidole. Kama ana ujauzito au anahisi anao, aseme mapema. Akitaka apimwe na nesi wa kike aombe pale mapokezi, siyo utovu wa adabu. Na wewe ukiweza nenda naye, mkae wote wakati wa maelezo, ili kile ambacho yeye hatakishika kwa woga ukishike wewe.