Shida kwenye stetasi

Shangazi Zuhura: Nani kaweka wimbo wa Shida kwenye stetasi asubuhi hii? Nimeusikiliza mara mbili, chai imepoa.

Idrisa: Mimi hapa shangazi. Shikamoo.

Shangazi Zuhura: Marahaba baba.

Latifa: Shikamooni wakubwa. Kwani huyu si Mkongo? Gitaa hilo!

Baba Mkubwa: Mkongo wa wapi! Huyo ni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Kazaliwa 1944, kafariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa.

Latifa: Subiri... miaka 34 tu? Na nyimbo zote hizo?

Baba Mkubwa: 34. Na Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, wa Morogoro hiyo hiyo, naye ajali ya gari, 1965. Mji ule umezika wanamuziki jamani.

Idrisa: Mnajua bendi yake Mbaraka, Morogoro Jazz, walifika mpaka Japani? Maonyesho ya Expo 70, Osaka. Bendi ya mkoani!

Juma Nairobi: Huku wazee wanamhesabu Mbaraka ni wao kabisa. Santuri zake zilikuwa zinatoka Nairobi, ndiyo maana.

Baba Mkubwa: Mnamsifu yeye tu. Wale wenzake wa rizimu na besi hamuwataji. Alipoondoka 1973 akaanzisha Super Volcano, Morogoro Jazz haikurudi kuwa ile.

Idrisa: Baba mkubwa, si ndiyo unathibitisha? Ile solo ndiyo ilikuwa bendi. Wimbo unaanza taratibu, watu wanaimba, wanaimba, halafu chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, inaingia na gitaa linashika usukani mpaka mwisho. Mimi nimejaribu kulifuata, vidole vinagoma.

Shangazi Zuhura: Gitaa, gitaa. Sisi tulikuwa tunasikiliza maneno. Ugomvi wa nyumbani kauimba, maisha magumu kayaimba. Alipouawa Dk. Kleruu, mkuu wa mkoa, kule Iringa, Krismasi ya 1971, kamwimbia pia. Wengine hatukuwa wasomaji wa magazeti, tulikuwa na redio.

Idrisa: Maneno kila bendi ilikuwa nayo shangazi 😅

Shangazi Zuhura: Kila bendi? Haya, nitajie moja unayoimba wewe kwa moyo mpaka leo, ambayo si ya Mbaraka.

Idrisa: ...

Juma Nairobi: 😂😂 kashikwa

Baba Mkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti (6:12)

Latifa: Baba mkubwa, dakika sita?

Baba Mkubwa: Nimeimba Jogoo la Shamba ya Mbaraka yote. Sikilizeni.

Shangazi Zuhura: Kaka, sauti imekwenda lakini maneno hujakosea hata moja. Idrisa unaona?

Latifa: Nimerudi kwenye Shida. Hapa kwenye chemko nimesimama jikoni nacheza peke yangu. Idrisa kashinda.

Shangazi Zuhura: Umeruka mwanzo wewe. Rudisha nyuma, ukae chini, usikilize anachosema.